Ngoma Yetu Iliivisha Mbuzi wa Wageni

Nilifika kanisani mbio, fimbo mbili za ngoma mkononi, na pale ngoma ilipokuwa inakaa nikakuta bafule. Bafule, njo ile sanduku nyeusi ya kutoa sauti, ile wanakodisha kwa ndoa na kwa matanga. Ilikuwa imekaa juu ya vigogo viwili vya ngoma yetu, imefunikwa kitambaa cha maua ili vumbi lisiiguse. Nje bunduki zilikuwa zinalia upande wa barabara. Watu walipita mlangoni na magodoro kichwani, na mama mmoja alinipigia kelele bila kusimama: "Pasta, ita batu! Ita ba mashambani!" Na mimi, mchungaji aliyewekewa mikono, mwenye kola nyeupe ndani ya sanduku la bati nyumbani, nilisimama mbele ya ile sanduku nyeusi na fimbo zangu. Nikaipiga. Ndiyo, nilipiga bafule kwa fimbo. Ilitoa sauti ya mtu anayegonga mlango wa choo.

Uzi wake ulikuwa unaning'inia bila kuunganishwa na kitu. Gurupu ya kuipa umeme ilikuwa dukani kwa Shemasi Mkuu, inachaji simu za watu. Duka lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa mjini Mubi, mfukoni mwa Shemasi Mkuu mwenyewe, aliyekwenda kutafuta sabuni na chumvi ya kuuza. Na ng'ambo ya mto, dada yangu mkubwa alikuwa anachuma sombe, majani ya muhogo, ya siku ya Mungu, hajui kitu.

Hapo njo imani yangu ilikuwa imenifikisha. Sasa ngojeni nirudi nyuma, nieleze nilivyopandishwa ngazi moja moja mpaka nikasimama pale. Majina ya watu sitaandika. Vyeo nitaviandika vyote, kwa sababu wenyewe walivipenda vyeo kuliko majina waliyopewa na mama zao, na kila mmoja atajitambua.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Ntoto. Shule niliacha mwaka wa nne wa msingi, baada ya mwalimu kuiacha yeye kwanza. Nilikulia kwa mjomba wangu, mpigaji wa ngoma ya kijiji. Ngoma yetu haikuwa ya ngozi. Ilikuwa mti mzima uliochongwa tumbo, na mdomo mrefu mgongoni. Ubavu mmoja ulitoa sauti nzito, ubavu wa pili sauti nyembamba, na kwa sauti hizo mbili mjomba alifuata mwendo wa lugha yetu mpaka watu wa mashambani, ng'ambo ya mto, walisikia maneno wakajua ni nani anaitwa na kwa nini. Kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, sentensi nzima. Jina hilo hujichagulii. Watu wanakuangalia unavyoishi, halafu wanakupa, na mara nyingi wanakupa la kukuchokoza. Mjomba aliitwa Alalaye Jicho Moja Wazi. Mimi niliitwa Aliyefika Mvua Imekwisha, kwa sababu mama alinichelewesha tumboni na tangu hapo sijawahi kuwahi kitu. Dada yangu aliitwa Kicheko Kinachotangulia Njiani. Ulikuwa unamsikia kwanza, unamuona baadaye.

Kanisa lilipofika kwetu halikuwa na kengele. Mwinjilisti wa kwanza, mzee mpole mwenye Biblia iliyoliwa na mende kuanzia Mwanzo, alimwendea mjomba, na mimi nilikuwa pale, kijana wa kutafuta mke.

"Kaka, unipigie ngoma siku ya Mungu, watu waje."

Mjomba hakuwa anasali. Alimuuliza: "Nitapiga. Lakini namuita nani? Huyo Mungu wako, jina lake la ngoma njo nani?"

"Mungu ni Mungu, kaka."

"Apana. Hata imbwa ya muwindaji iko na jina. Sisi wote tuko nayo, yeye njo atakosa?"

Basi kijiji kilikaa mchana mzima kumtafutia Mungu jina. Wawindaji walitaka Mwenye Msitu. Chifu alikohoa, kwa sababu msitu ulikuwa wake, na jina hilo likaanguka. Wamama walitaka Yule Haombi Chakula, wakimuangalia mwinjilisti, na mwinjilisti akacheka pamoja nao, maana alikuwa mtu wa kucheka. Mwisho mama mmoja mzee akasema, jioni inapoingia kila mama anahesabu watoto, kila muwindaji anahesabu imbwa zake, na kama Mungu ni mkubwa hivyo, basi naye anahesabu. Likapita. Mungu akaitwa Anayehesabu Watu Wake Jioni.

Nilipiga jina hilo na mjomba kila siku ya Mungu, yeye ubavu mzito, mimi ubavu mwembamba, na kabla sijaweza kusoma mstari mmoja wa Injili nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba kuna mtu anahesabu. Huo njo ushuhuda wangu wa wokovu. Baadaye komite ya kanisa kule Mubi iliniambia hautoshi. Walitaka ndoto, ao walau ugonjwa mzito.

Halafu vita ikaja kwetu. Sitasema ya nani, kila mwaka ilikuwa na mwenyewe mpya. Asubuhi ile ya kwanza mjomba alikwenda kwa ngoma na kuita nyumba moja moja. Hakusema "njooni". Alisema: fulani, usirudi, shika msitu. Fulani, usirudi, shika msitu. Aliita mpaka watu wa bunduki walipofika kwenye migomba ya kwanza. Jioni, ndani ya msitu, tulihesabu. Tulipoteza mbuzi, masufuria na mapaa ya nyumba. Watu walikuwapo wote. Mjomba alikaa chini akasema: "Mwinjilisti, Mungu wako leo alisaidiwa na mti." Na mwinjilisti akamjibu: "Kaka, hata mimi ninasaidiwa na mti. Ninakaa juu ya gogo."

Kabla hatujaondoka kabisa, tulirudi kwa kujificha, tukaibeba ngoma na kuizamisha kwenye matope ya mto, ili moto usiipate. Mti ndani ya maji hauozi upesi. Halafu tukapanda kwenda milima ya Masisi na watoto migongoni, mpaka kambi ya wakimbizi ya Kitshanga.

Watu wa milima walitupokea vizuri, wakatupa maharagi, na pamoja na maharagi wakatupa maneno. "Ninyi watu wa msitu," mama mmoja alimuuliza dada yangu sokoni, "ni kweli munakula nyani?" Dada akamuangalia juu mpaka chini. "Mama, huko kwetu nyani ni ya wageni. Ukikuja nitakupikia moja, inene kama wewe." Yule mama akacheka mpaka akaongeza maharagi, na toka siku ile walikuwa marafiki.

Kambini makanisa yalipangana kama maduka, yote ya shitingi, yale maturubai ya msaada, na kila moja lilikuwa na kengele yake: jante, chuma ya gurudumu la gari, imetundikwa kwa kamba. Siku ya Mungu majante yote yalilia pamoja. Watu waliingia lolote lililokuwa karibu, na kuna papa mmoja, baba mzima wa watoto, alibatizwa mara mbili kwa makanisa mawili kwa sababu mvua ilimfukuza katika la kwanza. Mjomba alisikiliza siku moja, akatikisa kichwa. "Hii chuma inajua neno moja tu. Njoo. Haisemi nani, haisemi kwa nini." Basi mimi nilitembea. Kila asubuhi nilipita nyumba za watu wetu, nikiita kila mtu kwa jina lake la ngoma, kwa mdomo, na wazee walilia wakisikia. Hivyo tu njo nilivyoanza utumishi. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliona watu wametawanyika na hakuna aliyekuwa anawaita.

Mwinjilisti mzee alikufa Kitshanga kwa homa. Mjomba alikufa mvua iliyofuata. Maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa ya kiroho: "Ukirudi, toa mti mutoni. Usiuache mpaka samaki bajenge."

Tulirudi. Nilitoa mti. Tuliukausha kivulini polepole, tukiugeuza kama mgonjwa, mpaka sauti ikarudi. Nikaanza kuita watu siku ya Mungu, tukajenga kanisa la mbao, na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine, mimi njo nilikuwa nahubiri. Kuhubiri kwangu kulikuwa kufupi. Watu walipenda.

Hapo njo wakubwa walipotugundua. Kanisa likiwa masikini halina mwenyewe, likianza kujaa linapata Mwangalizi. Wetu alikaa Mubi, alisimamia makanisa yote ya barabara ile, na alikuja kwa pikipiki, amekaa nyuma ya dereva na mwavuli uliofunguliwa, hata jua lisipowaka, hata mvua isiponyesha. Alipenda ngoma yetu sana. "Hii chombo ya Bwana," alisema, mkono juu ya mti, "inaleta mavuno." Wakati huo mavuno yalikuwa yanaletwa kweli: ndizi, kuku, mafuta ya mawese. Yalipanda pikipiki kurudi Mubi, na mwavuli ukafungwa ili kuku wakae.

Alitaka Ntoto ipate mchungaji mwenye diplome. Walikuwapo vijana wengi wa diplome, na wote walikuwa wamesikia mwito wa Mungu, isipokuwa mwito huo ulikuwa unaishia pale barabara ya magari inapoishia. Kwa kukosa mtu, wakaniita mimi Mubi kwa mtihani, mbele ya komite.

"Teolojia ni nini?" aliuliza mmoja mwenye miwani.

"Ni kazi yenu, Papa."

Wakacheka. Hawakucheka kwa uzuri.

"Na kazi yako wewe ni nini?"

"Kuita watu, Papa. Na jioni kujua nani hayuko."

Yule wa miwani akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ambayo hata mbuzi wa nje walisikia: "Kwa Ntoto, huyu atatosha." Nikawa nimefaulu.

Sasa sikilizeni mahali mambo yalipoharibika, kwa sababu yaliharibikia mahali pa kucheka.

Kwetu mgeni mkubwa hawezi kuja mara nyingi bila jina la ngoma. Ni aibu kwa kijiji. Unampigaje kufika kwake kama hana jina? Na nimekwisha kusema, jina mpigaji hatungi, watu njo wanatoa. Wamama walikutana kisimani kumtafutia Papa Mwangalizi jina, na walikuwa na hoja yao, maana yeye alifika kila mara sufuria inapotolewa motoni, hata wakibadilisha saa kwa makusudi. Dada yangu njo alilisema: Mgeni Asiyekosea Saa ya Chakula. Wamama walianguka chini. Hata chifu alilikubali, akasema ni jina la heshima, linaonyesha mtu mwenye akili ya saa.

Alipokuja, nikalipiga. Nililipiga vizuri, kwa sauti safi, kama nilivyopiga la Mungu. Kijiji chote kikacheka, watoto wakaimba, na kutoka ng'ambo ya mto watu wakapiga vigelegele. Papa Mwangalizi akafurahi sana, akapunga mkono, mpaka Shemasi Mkuu, mtoto wa hapahapa anayesikia ngoma kama sisi, alipomuinamia sikioni.

Niliona uso wake unavyobadilika. Alisimama mlangoni mwa kanisa na mwavuli wake.

"Nani alisema ile jina?"

Mtu mwingine angenyamaza. Dada yangu alikuwa Kicheko Kinachotangulia Njiani. "Ni mimi, Papa. Tusamehe, ngoma yetu haijue kusema uongo. Karibu, chakula iko tayari."

Watu wakacheka tena, na hapo njo ilikwisha. Alikula, ndiyo. Alikula vizuri. Lakini siku ile ile, baada ya kunawa, alihubiri kwamba mti wenye mdomo ni mti wenye pepo, kwamba vitu vya mababu vimejificha ndani ya nyumba ya Mungu, na kwamba kanisa la Ntoto halitamuweka mchungaji mpaka lisafishwe. Yaani pepo lilikaa miaka yote ndani ya ule mti, likileta kuku na mawese, na yeye hakulinusa. Alilinusa siku lilipomtaja.

Nilimfuata kwenye pikipiki. "Papa, na siku ya hatari, tutaita watu namna gani?"

"Mwana wa Mungu, tutawaletea sono. Bafule. Munataka kubaki nyuma?"

"Bafule inakula esanse, Papa, kama pikipiki yako."

"Mungu atatoa."

Shemasi Mkuu akaongeza: "Na simu iko, pasta. Dunia ya leo iko ya simu." Simu Ntoto inashika juu ya kilima kimoja, tena ukinyosha mkono juu. Yeye alijua. Simu alizokuwa anachaji zilikuwa za wapita njia, wabebaji wanaotoka machimboni.

Nilikataa kuitoa ngoma. Wakanyamaza, na mimi nikafikiri nimeshinda. Halafu wakaniita Mubi kwa mafungo, ya kusali na kufunga kabla ya kuwekewa mikono. Tulifunga kweli, sisi wateule. Waliotufungisha walifunga mlango, lakini harufu ya samaki ilipita chini yake. Nilirudi Ntoto siku ile ile ya kuwekwa, ndani ya suti ya kuazima, nyuma ya Papa Mwangalizi na wageni wake, nikifurahi kama mjinga.

Jikoni nje ya kanisa, Mama Rais wa Wamama alikuwa anakoroga mbuzi wa wageni. Chini ya sufuria niliona ubavu mwembamba wa ngoma. Ubavu mzito ulikuwa umekwisha kuwa makaa. Mdomo, ile sehemu mjomba alikuwa anaipaka mafuta kwa kidole, ulikuwa unatoa moshi.

Ntoto, kijiji kilichozungukwa na msitu pande zote, siku ile kilikosa kuni.

"Nani alipasua?" nikauliza.

Mama Rais hakuinua kichwa. "Shemasi alileta, ikiwa imepasuliwa. Usinitazame hivyo, pasta. Nilimwambia ule mti iko mugumu, haitawaka vizuri. Ona sasa, mchuzi umeshika chini."

Hayo njo yalikuwa malalamiko yake, mchuzi umeshika.

Dada yangu alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. Akaniambia polepole: "Ingia, piga magoti. Ukiondoka, watatuletea yule wa miwani." Niliingia. Nilipiga magoti kwa sababu watu wa Ntoto walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakinitazama, na ngoma haikuwapo tena ya kuokoa. Papa Mwangalizi alikuwa amepita jikoni kuonja chumvi. Alipoweka mikono juu ya kichwa changu, nilisikia mafuta ya mbuzi yakiteremka nyuma ya sikio. Wengine wanapakwa mafuta ya mzeituni. Mimi nilipakwa ya mchuzi, uliopikwa kwa ngoma ya mjomba wangu, na mpaka leo sijui ni kitu gani hasa kiliniingia.

Bafule ikaletwa, ikawekwa juu ya vigogo. Siku ya kwanza gurupu ililia kuliko mahubiri, na kwaya ikaimba kwa kumshinda shetani na kuishinda injini. Sauti ilifika kwenye migomba, ikafia hapo. Watu wa ng'ambo ya mto hawakusikia kitu. Wakaanza kukisia siku ya Mungu kwa kuangalia jua, na wengine wakakosea wakaja siku ya soko, wamevaa viatu. Niliandika kwa Mubi. Nilijibiwa kwamba kanisa linalolalamika ni kanisa lisilofunga. Halafu gurupu ikahamia dukani, "kwa usalama wake", alisema Shemasi Mkuu, na ikawa inatutembelea kanisani siku za wageni tu. Ilipata desturi ya Papa Mwangalizi.

Na sasa tumefika asubuhi ile niliyoanza nayo, nilipobeba fimbo kwa mazoea tu.

Niliacha bafule, nikatoka nje, nikapiga kelele kwa mdomo wangu kuelekea mtoni mpaka sauti ikakatika. Mto ulikuwa umejaa, unavuma. Nilianza kushuka. Vijana wawili wa kwaya walinikamata mikono, wakanivuta kuingia msituni pamoja na wengine, kwa sababu watu wa bunduki walikuwa wamekwisha kuwa kati yetu na kivuko.

Dada yangu alisikia risasi chache. Jirani yake wa shamba, aliyebaki hai, alinieleza. Waliambiana kwamba ni wawindaji. "Kama ingekuwa hatari," dada alimwambia, "ngoma ingetuita." Alisahau. Ao hakusahau, mdomo wake tu ulisema kwa mazoea. Halafu akaangalia jua, akaona saa ya ibada imefika, akafunga sombe kwenye kikapu, akaweka kamba ya kikapu kwenye paji la uso, akaenda. Alikuwa anakuja kanisani. Alikuwa anaimba, na sauti yake ilitangulia njiani kama kawaida, na watu wa bunduki walimsikia kabla hawajamuona.

Jioni tulihesabu ndani ya msitu. Nilihesabu tena. Mtoto wake wa mwisho alinivuta shati akaniuliza: "Baba mjomba, mama alikuitikia?"

Tulimkuta kwenye kivuko siku iliyofuata. Sombe ilikuwa bado imefungwa vizuri.

Nilitembea mpaka Mubi. Papa Mwangalizi alinipokea sebuleni, akanipa soda, akafungua Biblia akanisomea Ayubu, sura ya kwanza, yote. Alisoma vizuri. Alipofunga kitabu akauliza: "Na bafule, iko muzima?"

Iko muzima, Papa. Hata risasi haikuigusa. Walioiba kijiji chote waliiona wakaiacha, maana hata wao waliona uzi wake hauna kitu cha kuunganishwa nacho.

Ninapoandika haya mimi ni mchungaji bado. Hawajanivua kola, na mimi sijaivua, kwa sababu kazi waliyoniwekea mikono ni ile ile niliyowaambia kwenye mtihani: kuita watu, na jioni kujua nani hayuko. Ninajua nani hayuko. Ninaulizwa kila siku na watoto wake. Nimechoka kujibu peke yangu, wakati wenye majibu wanakaa Mubi.

Kwa hiyo ninaita sasa, kwa karatasi, kwa kuwa mti mliula. Shemasi Mkuu, uje na ufunguo wako, uuweke juu ya meza ya Bwana, watu wauone. Mama Rais, wewe uko hapahapa, usikimbilie jikoni siku hiyo. Na wewe, Papa Mwangalizi, pikipiki yako inajua njia. Njoo siku ya Mungu asubuhi, kabla moto haujawashwa. Hatutapika. Utasimama pale kwenye vigogo viwili, mwavuli umefungwa. Mbele yako, benchi la kwanza, watakaa watoto wa dada yangu, na nyuma yao Ntoto yote.

Usitusomee Ayubu. Ayubu hakupasua ngoma yetu. Taja jina la dada yangu kwa mdomo wako, lile la ngoma, lote, uwaambie watoto wake kwa nini asubuhi ile halikuitwa. Sisi tutakaa. Tutakungoja mpaka ujibu.